Maradhi ya Saratani: Tiba Zake na Hali ya Moyo wa Mgonjwa

Miongoni mwa maradhi yanayomsibu binadamu, ni machache yanayoogopwa kiasi cha saratani. Wapo watu ambao hawapendi hata kulitaja jina lake, na badala yake husema kwamba fulani "anaumwa sana" au "ana maradhi makubwa". Hofu hiyo ina sababu, kwani wengi wamewahi kushuhudia jamaa au jirani akidhoofika siku hadi siku na hatimaye kufariki dunia. Walakini hofu nayo ina madhara yake. Hofu ndiyo inayomfanya mtu akae na uvimbe mwaka mzima bila ya kumwonyesha daktari; ndiyo inayowafanya jamaa wamfiche mgonjwa hali yake; na mara nyingi ndiyo inayomfanya mgonjwa aache katikati tiba aliyokwisha kuianza.

Makala haya yana lengo la kuwaeleza wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla saratani ni kitu gani, jinsi inavyotibiwa, na namna maradhi haya na tiba zake yanavyougusa moyo wa mgonjwa. Jambo hili la mwisho halizungumzwi sana, ilhali aghalabu ndilo linaloamua kama mgonjwa atafika mwisho wa tiba yake au hatafika.

SARATANI NI NINI

Mwili wa binadamu umejengeka kwa chembechembe hai nyingi mno zisizoonekana kwa macho matupu, ambazo wataalamu huziita seli. Kila siku baadhi ya chembe hizo hufa na nyingine huzaliwa kuchukua nafasi zake, kwa utaratibu maalumu. Mtu akijikata kidole, chembe za ngozi huzaana hadi jeraha likafunga, kisha husita. Saratani huanza pale maagizo yaliyomo ndani ya chembe, yaani vinasaba, yanapoharibika, na chembe hiyo ikaendelea kuzaana pasipo kusita. Kwa kawaida uharibifu huo hukusanyika kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu saratani nyingi huonekana zaidi kwa watu wenye umri mkubwa, ingawa watoto pia hupatwa.

Si kila uvimbe ni saratani. Uko uvimbe unaokaa mahali pamoja na ambao ukiondolewa mambo huwa yamekwisha. Uvimbe wa saratani huingia katika nyama za jirani, na chembe zake huweza kusafiri kwa njia ya damu na tezi hadi kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Madaktari huyagawa maradhi kwa hatua, kuanzia ya 1, ambapo bado yako mahali yalipoanzia, hadi ya 4, ambapo yamekwisha kusambaa. Kadiri hatua inavyokuwa ya chini, ndivyo matumaini ya kupona yanavyokuwa makubwa. Hivyo mgonjwa aliyewahi na mgonjwa aliyechelewa wanaweza kuwa na maradhi ya jina moja na matokeo yaliyo mbalimbali kabisa.

Sababu za saratani ni nyingi. Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, ndiyo inayoongoza miongoni mwa zile zinazoweza kuepukwa, na popoo inayotafunwa katika tambuu nayo husababisha saratani ya kinywa. Takriban saratani zote za shingo ya kizazi hutokana na virusi vya papiloma, vijulikanavyo kwa kifupi HPV. Kwa kuugundua uhusiano huo mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Homa ya ini aina ya B, pamoja na sumu kuvu inayoota katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, huleta saratani ya ini. Kichocho cha mkojo, maradhi ambayo wakaazi wa Unguja na Pemba wanayafahamu vyema, kikiachwa kwa miaka mingi bila ya tiba huweza kusababisha saratani ya kibofu. Hata hivyo wapo wengi wanaopatwa na saratani bila ya kuwa na lolote kati ya hayo, na si haki kumtazama mgonjwa kama kwamba amejitakia.

Ni muhimu pia ieleweke kwamba saratani yenyewe haiambukizi. Hakuna anayeipata kwa kula sinia moja na mgonjwa, kulala naye chumba kimoja, kumwogesha au kumfulia nguo. Kinachoweza kuambukiza ni baadhi ya virusi vilivyotajwa, na kwa hivyo ipo chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, na chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za watoto wachanga.

Dalili zinazomlazimu mtu kwenda kituo cha afya ni pamoja na uvimbe usiokuwa na maumivu katika ziwa, shingo au kwapa, kidonda kisichopona, kutokwa na damu kusiko kwa kawaida, khususan kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi au baada ya kukutana na mumewe, damu katika mkojo au choo, kikohozi kisichokatika, shida ya kumeza chakula, na kukonda bila ya sababu. Dalili hizi si ushahidi wa saratani, kwani mara nyingi huwa na sababu nyingine nyepesi. Ni ushahidi wa haja ya kuchunguzwa. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mwanamke asiye na dalili yoyote anaweza kuchunguzwa kwa kupakwa maji ya siki mahali husika na kuangaliwa, jambo linalochukua dakika chache tu.

Baada ya uchunguzi wa mwanzo, daktari hukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Wapo wanaokataa hatua hiyo kwa kuamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu ndipo huenea. Imani hiyo imetokana na kuwaona watu waliofanyiwa upasuaji na kufariki muda mfupi baadaye. Lakini wengi wao walifika hospitali maradhi yakiwa yamekwisha kusambaa. Bila ya kipande hicho daktari hawezi kujua ni saratani ya aina gani, na asiyejua aina hawezi kuchagua tiba.

TIBA ZA SARATANI

Tiba kuu ni upasuaji, mionzi na dawa. Mgonjwa mmoja huweza kupewa moja kati ya hizo au zote kwa mpango maalumu.

(a) Upasuaji. Hii ndiyo tiba kongwe kuliko zote. Uvimbe huondolewa pamoja na sehemu ya nyama iliyouzunguka na pengine tezi za jirani. Kwa uvimbe ambao haujasambaa, upasuaji peke yake huweza kutosha.

(b) Mionzi. Tangu mionzi ya eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, madaktari walibaini kwamba mionzi yenye nguvu huharibu chembe zinazozaana kwa haraka. Mgonjwa hulala chini ya mashine kwa dakika chache, hasikii maumivu, kisha huinuka na kuondoka. Huo sio moto, ingawa wapo wasemao kwamba mgonjwa "anakwenda kuchomwa". Wala mgonjwa anayepigwa mionzi kwa mashine ya nje harudi nyumbani na mionzi mwilini. Anaweza kumpakata mtoto wake bila ya wasiwasi wowote. Baada ya siku kadhaa ngozi ya mahali palipopigwa huweza kuwa nyeusi na kuuma, na mgonjwa huchoka. Akipigwa tumboni huweza kuharisha. Akipigwa shingoni huweza kupata vidonda vya kinywa.

Kwa miaka mingi tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa Visiwani imekuwa na maana ya kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Taasisi hiyo iliundwa kisheria mwaka 1996, katika majengo ya hospitali iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19.

(c) Dawa. Dawa za kuua chembe za saratani hutolewa kwa sindano, kwa maji ya mshipa au kwa vidonge, aghalabu kwa mizunguko, mmoja kila baada ya wiki 3 au zaidi, ili mwili upate nafasi ya kupumzika. Baadhi ya dawa hizo zina asili ya mimea. Dawa iitwayo vinkristini hutokana na mmea mdogo wa maua ya rangi ya waridi au meupe, wenye asili ya Madagaska, ambao katika mwambao huu wengi huuona ukiota katika mchanga na pembezoni mwa kuta bila ya kuujali. Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya dawa hizi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi ya upasuaji mjini Kampala, aliandika juu ya saratani ya taya iliyokuwa ikiwapata watoto, na maradhi hayo yakaja kuwa miongoni mwa saratani za mwanzo kuonekana zikipona kwa dawa peke yake.

Dawa hizi haziwezi kubagua kikamilifu. Hushambulia chembe zote zinazozaana upesi, zikiwemo za nywele, za utando wa kinywa na tumbo, na za damu. Ndiyo maana mgonjwa huweza kutapika, kupata vidonda vya mdomo, na kwa baadhi ya dawa kupukutika nywele wiki 2 au 3 baada ya dozi ya kwanza. Nywele huota tena tiba inapokwisha. Jambo la kuogopwa zaidi ni homa: mgonjwa aliyepewa dawa hizi akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwani kinga ya mwili wake huwa imeshuka.

Zipo pia dawa za homoni, zinazotumika kwa baadhi ya saratani za ziwa na za tezi dume, na dawa mpya zaidi zinazolenga kasoro maalumu ya chembe au zinazoisaidia kinga ya mwili. Dawa hizo mpya ni za gharama kubwa na haziwafai wagonjwa wote.

(d) Tiba shufaa. Hii ni tiba ya kumwondolea mgonjwa maumivu na dhiki, iwapo maradhi yanapona au hayaponi. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua katika jiji la London hospitali ya St Christopher's kwa ajili ya tiba hiyo. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayako mwilini tu. Yamo pia katika mawazo yake, katika mahusiano yake na watu wake, na katika roho yake, na kwamba daktari anayetibu upande mmoja na kuiacha mingine hajamaliza kazi. Katika eneo letu, Uganda ilianza mapema: shirika la Hospice Africa Uganda lilianzishwa mwaka 1993, na mofini ya maji ya kunywa ikatumika kuwatuliza wagonjwa majumbani mwao. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa maumivu ya saratani haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi wa dawa, na kuanza kuitumia si tangazo la kifo.

MGONJWA KATIKA NAFSI YAKE

Mtu anapoambiwa kwamba ana saratani, mara nyingi huacha kusikia maneno yanayofuata. Daktari huendelea kueleza tarehe na vipimo, naye hutikisa kichwa, lakini akifika nyumbani hakumbuki kitu. Kwa sababu hiyo inashauriwa mgonjwa afuatane na mtu mmoja anayemwamini, na maelezo muhimu yaandikwe katika karatasi.

Baada ya mshituko wa mwanzo huja mambo mengine, bila ya mpangilio mmoja kwa watu wote. Wengine hukanusha na kutafuta daktari wa pili na wa tatu. Wengine hukasirika, na hasira huwashukia walio karibu, mke, mume au mtoto anayeleta maji ya kunywa. Wengine hujiuliza wamekosa nini hata wakaadhibiwa. Wengi hawalali. Kungoja majibu ya maabara, jambo ambalo kwa ofisi ni suala la siku kadhaa tu, kwa mgonjwa huwa ni kipindi kizito kuliko hata siku ya upasuaji.

Tiba nayo huongeza mzigo wake. Mwanamke aliyeondolewa ziwa huweza kujiona amepungukiwa, na akaanza kuvua nguo gizani asionwe na mumewe. Mwanamume aliyetibiwa tezi dume huweza kupoteza nguvu zake za kiume, akanyamaza, na nyumba nzima isijue kwa nini amekuwa mkali. Kijana huogopa kwamba hatopata mtoto, na hilo ni swali la kumuuliza daktari kabla ya tiba kuanza, si baada. Kupukutika kwa nywele na ndevu humtangaza mgonjwa mbele za watu kabla ya yeye mwenyewe kuamua nani ajue. Baadhi ya dawa zinazotolewa pamoja na tiba hukosesha usingizi na kubadili tabia, hata mgonjwa akadhani anapoteza akili. Akielezwa mapema kwamba hiyo ni athari ya dawa, hupata faraja kubwa.

Liko jambo jingine linalovunja nyumba. Mwanamke akiambiwa kwamba saratani yake ya shingo ya kizazi imetokana na virusi vinavyopatikana kwa kujamiiana, huweza kuzuka tuhuma baina ya mke na mume. Ifahamike kwamba virusi hivyo ni vya kawaida mno, kwamba watu wengi waliowahi kuoa au kuolewa wamekutana navyo wakati fulani, kwamba kwa wengi hutoweka vyenyewe, na kwamba huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuleta madhara. Saratani ya leo haithibitishi ukosefu wa uaminifu wa mtu yeyote.

Huzuni ni jambo la kawaida kwa aliyepatwa na mtihani. Lakini ikiwa mgonjwa kwa zaidi ya wiki 2 hana raha na kitu chochote, hali, halali, hujiona mzigo, au husema kwamba bora afe, hiyo ni sonona, nayo ni maradhi yanayotibika kwa ushauri na dawa. Kumwambia asali na kusubiri ni jambo jema, na kisomo na dua vina nafasi yake katika kuituliza nafsi. Mambo hayo yaende sambamba na hospitali na yasichukue nafasi yake. Mgonjwa anayezungumzia kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa.

KWA NINI TIBA HUACHWA KATIKATI

Na uchukuliwe mfano wa mama wa kijiji kimoja cha Pemba, mwenye watoto watano, aliyeandikiwa tiba ya mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi. Tiba hiyo kwa kawaida ni ya siku 5 kwa wiki, takriban mara 25, na baada yake au pamoja nayo hufuata mionzi ya ndani. Wataalamu huhimiza yote yakamilike ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu siku zinazopotea huzipa chembe za saratani nafasi ya kujizatiti upya.

Mama huyo anapanda meli Mkoani, anapita Unguja, anavuka hadi Dar es Salaam na kufikia kwa jamaa wa mumewe. Katika wiki ya pili damu iliyokuwa ikimtoka miezi mingi inakatika. Anafurahi na kuona kwamba amepona. Wakati huo huo anaanza kuharisha, na anaona haya kukitumia choo cha watu mara kwa mara. Anaambiwa kwa simu kwamba mtoto wake mdogo ana homa. Nauli ya kila siku ya kwenda hospitali inapungua mfukoni. Mumewe hazungumzi sana, naye anahisi kwamba huenda anafikiria kuoa. Hakuna aliyemweleza kwamba kukatika kwa damu ni alama ya tiba kuanza kufanya kazi na wala si alama ya tiba kumalizika. Wiki ya tatu anafunga mzigo wake na kurejea kijijini. Baada ya miezi kadhaa damu inarudi, na safari hii maradhi yamekwisha kupanda daraja.

Akitazamwa kwa juu juu, mama huyo ataitwa mkaidi au mjinga. Lakini hakuna hata moja kati ya yaliyomrudisha nyumbani lililotoka katika uvimbe wenyewe. Yalikuwa ni haya, upweke, wasiwasi wa watoto, upungufu wa fedha na kutoelezwa. Na kila moja lilikuwa na mtu ambaye angeweza kulipunguza: wifi wa kumtazama mtoto mwenye homa na kutuma habari za kweli, mume wa kupiga simu kila jioni, mwenyeji wa kumwambia kwamba choo ni chake, muuguzi wa kumpa dawa ya kuzuia kuharisha na kumweleza maana ya kukatika kwa damu.

SUALA LA KUMFICHA MGONJWA

Ni ada ya jamaa wengi kumwomba daktari asimwambie mgonjwa ukweli, kwa kuhofia kwamba atavunjika moyo. Nia hiyo ni ya huruma. Hata hivyo mgonjwa huona. Huona watu wakinyamaza anapoingia, huona mwanawe wa Mombasa au Muscat amerudi ghafla bila ya sababu, huliona jina la hospitali aliyopelekwa. Basi hubaki na hofu yake peke yake, naye huwaficha wao kwamba anajua, nao wakaendelea kumficha yeye. Fauka ya hayo, mtu asiyejua maradhi yake hana sababu ya kuvumilia tiba nzito. Na ikiwa maradhi hayaponi, hunyimwa nafasi ya kuusia, kulipa na kudai madeni, kuombana radhi na watu wake na kuyapanga mambo ya watoto.

Njia iliyo bora ni kumuuliza mwenyewe kiasi anachotaka kujua, na nani anapenda awepo. Aelezwe mahali pa faragha, kwa maneno mepesi na machache, aachiwe muda wa kunyamaza au kulia, na aelezwe pia lipi linaloweza kufanyika. Asiyetaka kujua yote asilazimishwe. Lakini anayeuliza asidanganywe. Watoto wa nyumba nao waambiwe kwa kadiri ya umri wao, kwani mtoto asiyeambiwa kitu huweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyemuudhi mama hadi akaumwa.

WAJIBU WA JAMAA, MAJIRANI NA OFISI

Kutokana na maelezo hayo, wananchi na wafanyakazi wanashauriwa kuyazingatia mambo yafuatayo:

1. Ziara kwa mgonjwa ziwe fupi na za upole. Habari za watu wengine waliokufa kwa maradhi kama yake zisitajwe mbele yake. Anayekosa la kusema anaweza kukaa kimya. Kukaa kwake ni msaada tosha.

2. Msaada uwe wa kazi maalumu. Badala ya kusema "ukihitaji kitu tuambie", jirani na aseme kwamba kila Jumanne atapika yeye, au kwamba atawapeleka watoto skuli hadi mama yao atakaporudi.

3. Mtu mmoja katika ukoo apewe jukumu la kufuatana na mgonjwa, kuhifadhi karatasi zake na kukumbuka tarehe za tiba. Mtu huyo naye huchoka na huhuzunika. Apatikane wa kumpokea.

4. Mgonjwa anayetumia dawa za miti shamba amweleze daktari wake. Baadhi ya dawa hizo huweza kuliumiza ini au figo, au kupingana na dawa za hospitali. Daktari naye anatakiwa kulipokea jambo hilo bila ya kumkemea.

5. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa aliye katika tiba asijilazimishe kufunga kwa kuona haya. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na ni vyema azungumze na daktari wake na mwanachuoni anayemwamini.

6. Wakuu wa sehemu za kazi wanakumbushwa kwamba habari za maradhi ya mfanyakazi ni siri yake. Barua ya daktari isipitishwe meza kwa meza, na ruhusa ya matibabu ishughulikiwe bila ya kucheleweshwa, kwani siku inayopotea katika faili huweza kuwa ni siku iliyopotea katika tiba.

7. Mfanyakazi anayerejea kazini baada ya tiba asichukuliwe kama mtu aliyekwisha. Uchovu huweza kuendelea kwa miezi kadhaa, na apewe kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Kumnyang'anya kazi zote kwa jina la huruma ni kumwambia kwamba hahitajiwi.

8. Mwisho wa tiba si mwisho wa hofu. Kila kichwa kinapomuuma, aliyepona huhisi kwamba maradhi yamerudi, na siku za kwenda kuangaliwa huwa ngumu kwake. Asichekwe, na asiache kuhudhuria.

Masheha, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, na viongozi wa misikiti na makanisa wanaombwa kuyaeleza mambo haya katika mikusanyiko yao, khususan kwamba saratani haiambukizi, kwamba anayewahi hospitali ana matumaini makubwa, na kwamba aliyeanza tiba asaidiwe hadi aimalize. Daktari hukutana na mgonjwa kwa dakika chache katika siku. Saa zilizobakia mgonjwa huwa katika mikono ya watu wake.

Mwananchi yeyote mwenye uvimbe, kidonda au kutokwa na damu asikokuelewa, au mwenye jamaa aliyeacha tiba ya saratani kabla ya kuimaliza, anatakiwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu naye bila ya kuchelewa. Aliyeacha tiba asiogope kulaumiwa. Arudi, achunguzwe upya, na apangiwe tiba inayolingana na hali yake.